Bahari Si Jaa la Bandari

Kuna rai iliyoenea katika pwani yetu, toka Lamu hata Mtwara, ambayo husemwa na wakubwa katika sherehe za kufungua gati, huandikwa magazetini, na hukaririwa barazani hata na watu wasiopata faida yoyote kwayo: kwamba tope linalochimbwa bandarini, likisha kupakiwa melini na kumwagwa bahari kuu, limekwisha, na kadhia yake imekwisha pamoja nalo. Kwa kuwa imerudiwa mara nyingi na watu wenye vyeo, rai hiyo imepata heshima ya ukweli, na mwenye kuihoji huhesabiwa kuwa adui wa maendeleo. Mimi naiona kuwa ni rai batili, na ubatili wake haukai katika karatasi tu, bali huwafikia watu ambao riziki yao yote imo katika maji yaonekanayo kwa macho kutoka ufukweni. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu kuijibu, hoja kwa hoja, baada ya kuieleza kwanza kama wenyewe wanavyoieleza.

Rai yenyewe, kwa insafu

Wenye rai hii husema hivi. Meli za leo si meli za zamani. Gati za kina zilipoanza kutumika Kilindini, Mombasa, katika mwaka 1926, na Dar es Salaam katika mwaka 1956, shehena ilishushwa gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku. Leo shehena huja ndani ya makontena, na meli iliyopakia maelfu ya makontena hayo huhitaji maji yenye kina kizidicho mita 12, hata bandari isiyoweza kuipokea hupitwa. Bandari ikipitwa, mzigo hushushwa mbali na kuletwa kwa meli ndogo, na gharama ya safari hiyo ya pili hulipwa na mnunuzi wa unga Kampala, wa mbolea Kigali, wa mafuta Bujumbura na wa vipuri Lubumbashi. Kuongeza kina basi si anasa, ni dharura. Na tope likisha kuchimbwa halina budi kuwekwa mahali: ardhi ya mjini ni ghali na watu wamejaa, malori ni gharama, ilhali bahari ni pana, ina kilindi, na mikondo yake ina nguvu. Tope lenyewe ni udongo tu, uliotoka katika maumbile na unaorudishwa katika maumbile. Maji yatachafuka siku chache, kisha yatasafika. Wavuvi watakaopata hasara watalipwa fidia. Na kwa nchi zisizo tajiri, njia nyingine hakuna.

Sehemu ya kwanza ya maneno haya siipingi. Bandari zahitaji kina, na asiyelijua hilo hajui ngano ya mkate wake imepita wapi. Ubishi wangu huanza pale tope linapotoka bandarini, kwani hapo ndipo hesabu, ambayo hata hapo ilikuwa ikifanywa kwa uangalifu, huachwa kufanywa.

Hoja ya kwanza: kwamba bahari hulifuta tope

Twambiwa kuwa bahari ni pana na mikondo yake ina nguvu, basi tope litachukuliwa lisionekane tena. Lakini tuulize: bandari huchimbwa kwa nini? Huchimbwa kwa sababu tope, likisha kuingia katika maji ya bahari, hutua chini na kukaa. Lau bahari ingekuwa na tabia ya kulifuta, mlango wa Kilindini ungejisafisha wenyewe kila maji ya bamvua yanapokupwa, wala kusingekuwa na haja ya kukodi meli kutoka ng'ambo kwa mabilioni ya shilingi. Haiwezekani tukawa na bahari mbili, moja ndani ya bandari inayoshika tope kwa ukaidi, na nyingine nje ya bandari inayolimaliza bila kubakisha chembe. Hoja inayotetea kuchimba na hoja inayotetea kumwaga hazikai pamoja. Moja ikisimama, nyingine huanguka.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Meli ya kuchimba kina huteremsha bomba kubwa hata sakafu ya bahari, likafyonza tope pamoja na maji mengi, vyote vikaingia katika tangi lililo katikati ya meli. Chembe nzito za mchanga hutua chini ya tangi; maji yaliyobaki juu, yaliyojaa chembe laini zisizotua upesi, huachwa yafurike na kurudi baharini, ili meli ipate kubeba mzigo mzito zaidi kabla ya kuondoka. Kwa hiyo tope huanza kumwagwa kabla ya kufika mahali pa kumwagwa, na ile sehemu inayotangulia kumwagwa ndiyo iliyo laini kuliko zote, na ndiyo inayokaa majini muda mrefu kuliko zote. Meli ikifika mahali palipoandikwa katika kibali, milango ya chini ya tangi hufunguliwa, na mzigo huanguka kwa dakika chache. Sehemu kubwa hufika chini, ikatambaa na kukifunika kila kiumbe kilichopo. Sehemu iliyobaki huning'inia majini na kuanza safari inayoamriwa na mkondo.

Na mkondo huo hauendi ovyo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima katika pwani ya Tanzania na sehemu kubwa ya pwani ya Kenya. Wakati wa kusi hukaza mwendo, na wakati wa kaskazi hukutana, upande wa kaskazini mwa Kenya, na mkondo mwingine ushukao kutoka Somalia. Fauka ya hayo, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na yanapojaa huvuka mwamba na kuingia katika hori, katika mikoko na juu ya majani ya bahari. Tope lililomwagwa nje, basi, lina njia ya kurudi, nayo ni njia ile ile wanayopita samaki na mashua. Wahenga wa pwani waliokwisha sema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walijua tabia ya chombo na tabia ya bahari pia. Asemaye kuwa mikondo italichukua tope ametoa nusu ya habari; nusu ya pili ni jina la mahali litakapopelekwa, na hiyo ndiyo nusu isiyotajwa katika hotuba.

Hoja ya pili: kwamba tope ni udongo tu

Udongo wa bonde ulioshuka na mvua ni kitu kimoja, na tope lililolala chini ya bandari kwa miaka ni kitu kingine. Aliyewahi kuliona likipandishwa analijua: ni jeusi, huteleza mkononi, na lina harufu ya mayai yaliyooza, kwa sababu chini yake hewa haifiki na vijidudu huishi kwa kuvunja salfeti. Katika hali hiyo madini mazito, kama vile shaba, risasi na zinki, hufungwa ndani ya tope na kutulia. Likichimbuliwa na kukutana na maji yenye hewa, sehemu ya vifungo hivyo hufunguka, na kilichokuwa kimelala huamka.

Tukumbuke vilivyoingia katika maji ya Mombasa katika umri wa watu walio hai. Katika mwaka 1988 tangi la mafuta lilipasuka, na maelfu ya tani yakamwagika katika hori ya Makupa na kuua mikoko yake. Jaa la Kibarani lilikaa miaka na miaka kando ya hori hiyo hiyo, likishusha uchafu wake kila mvua iliponyesha. Maji machafu ya mji hayajaacha kuteremka katika hori za kisiwa. Zaidi ya hayo kuna rangi zilizopakwa matumbo ya meli ili chaza na mwani zisishike, zilizokuwa na sumu ya bati iitwayo tributilitini: sumu kali hata kiasi cha sehemu moja katika trilioni ya maji kimeonekana kuwaharibu konokono wa baharini, majike yakaota viungo vya madume na kushindwa kuzaa. Mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika katika mwaka 2008 uliipiga marufuku katika meli zote. Lakini marufuku huzuia rangi mpya, haiiondoi ile iliyokwisha kudondoka, nayo hubaki katika tope la bandari kwa miaka mingi.

Hapa wenye rai hujikuta njia panda. Ikiwa tope ni safi, basi ni mali: mchanga wake wafaa kujazia uwanja wa makontena, na udongo wake wafaa kurudishia fuo zilizoliwa na mawimbi, wala hapana sababu ya kuitupa mali hiyo. Ikiwa ni chafu hata hakuna kijiji kitakachokubali limwagwe karibu na kisima chake, basi uchafu huo haugeuki kuwa usafi kwa kuvuka mwamba. Sumu isiyofaa kisimani haifai katika pweza atakayeliwa na mwenye kisima.

Sheria ya mataifa imekwisha kuliona jambo hili. Mkataba wa London wa mwaka 1972 na Itifaki yake ya mwaka 1996, ambayo Kenya imejiunga nayo, zinahusu utupaji wa vitu baharini, na tope la bandari ndilo wingi wa vyote vinavyotupwa kwa vibali duniani. Itifaki haikulikataza tope hilo, na wenye rai hupenda kulitaja hilo. Wanachoacha kukitaja ni masharti: kwamba tope lipimwe kwanza, kwamba njia za kulitumia au kulihifadhi zichunguzwe kabla ya kuifikiria bahari, na kwamba mahali pa kumwagia paangaliwe kabla ya kazi na baada yake. Itifaki imeiweka bahari mwisho wa orodha. Desturi yetu imeiweka mwanzo.

Hoja ya tatu: kwamba madhara ni ya siku chache

Ni kweli kwamba maji hurudi kuwa meupe baada ya siku au majuma. Lakini weupe wa maji ni habari ya juu, na uhai wa bahari uko chini. Tumbawe ni mnyama aishiye pamoja na vijimea vidogo vilivyomo mwilini mwake, navyo humlisha kwa kutumia nuru ya jua. Maji yakitiwa kiza, chakula hupungua; tope likimwangukia, hutumia nguvu yake kujisafisha kwa ute badala ya kukua na kuzaa; likizidi, humzika. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwaka, maana yake jiwe hai lenye kimo cha mtu lilianza kabla ya kuzaliwa babu zetu. Kulizika ni kazi ya juma moja. Majani ya bahari, ambamo tafi hula na kamba wachanga hujificha, nayo hufa kwa kukosa nuru. Na mwamba na majani vikifa, kizazi cha samaki kilichokuwa kianze mwaka ule hakianzi.

Ushahidi upo, nao si wa kubahatisha. Bandari ya Miami, katika Marekani, ilipoongezwa kina kati ya mwaka 2013 na 2015, watu waliambiwa kuwa madhara yangekuwa madogo na ya muda. Watafiti waliokokotoa matokeo walikadiria, katika mwaka 2019, kuwa matumbawe zaidi ya nusu milioni yaliangamia karibu na mlango ule. Marekani ina maabara, sheria na mahakama nyingi kuliko sisi, na bado ilipotea katika hesabu. Seuze sisi ambao mara nyingi hatupimi hali ya bahari kabla ya kazi, hata baadaye hakuna cha kulinganisha nacho.

Na tuna shahidi wa kwetu. Mto Sabaki hubeba udongo mwekundu wa Ukambani na kuumwaga kaskazini ya mji wa Malindi. Wakati wa kusi tope lake huelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma hugeuka na kushuka juu ya miamba ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa katika mwaka 1968. Ufuo wa Malindi umejaa hata bahari imejitenga na majengo yaliyojengwa ukingoni mwake, na maji yaliyokuwa ya buluu huwa ya rangi ya matofali kwa miezi. Hakuna mtu wa Malindi anayesema kuwa bahari imelimaliza tope la Sabaki. Basi kwa ilimu gani tunaamini kuwa bahari italimaliza tope la bandari, ambalo ni chafu kuliko lile na humwagwa kwa wingi mahali pamoja?

Tena, kazi yenyewe si ya mara moja. Mlango uliochimbwa kupita kina chake cha asili hunasa tope upesi kuliko ulivyonasa kwanza, kwa kuwa maji hupunguza mwendo ndani yake na chembe hutua. Kila mita iliyoongezwa ni ahadi ya kurudi kuchimba, na kila kurudi kuchimba ni kumwaga upya. Siku chache zinazorudi kila baada ya miaka michache, juu ya mwamba unaohitaji miongo kupona, si siku chache tena. Ni hali ya kudumu iliyogawanywa katika vibali.

Hoja ya nne: kwamba wavuvi watalipwa

Katika hoja zote, hii ndiyo inayosemwa kwa sauti ya upole, nayo ndiyo inayoumiza zaidi. Tuiangalie Lamu, maana huko hoja hii imejaribiwa. Katika Machi 2012 jiwe la msingi la bandari mpya liliwekwa katika ghuba ya Manda, mbele ya marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia, na gati 32 zikaahidiwa. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mji wake mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka ule ule wa 2012. Hukumu ilitoka katika mwaka 2018: Mahakama Kuu iliona kwamba haki zao za mazingira safi, za kupata habari na za utamaduni zilikuwa zimevunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kati ya shtaka na hukumu ilipita miaka sita, na katika miaka hiyo sakafu ya ghuba ilikuwa ikichimbwa. Baada ya hukumu zilifuata rufaa na majadiliano juu ya namna ya kulipa, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa vifaa na miradi; na gati ya kwanza ilifunguliwa katika Mei 2021.

Gawanya bilioni hizo kwa watu hao, utapata takriban shilingi 380,000 kwa kila mvuvi, kwa mara moja. Fedha hizo si kitu cha kudharauliwa; lakini ziulizwe zinalipia nini. Mvuvi wa mtumbwi au wa dau hana bahari nyingine. Wakati wa kusi, bahari ya nje inapochafuka, hutegemea maji yaliyokingwa na visiwa, na maji hayo yaliyokingwa ndiyo yanayochaguliwa na wahandisi kuwa bandari, kwa sababu ile ile iliyomfanya yeye ayachague. Akiambiwa aende mbali, atahitaji chombo kikubwa, mashine, petroli na barafu. Atahitaji pia kujifunza upya miamba na majira ya mahali asipopajua, na ujuzi wa majini hujengwa kwa umri mzima, haununuliwi kwa hundi.

Na wako wasiokuwamo katika orodha yoyote. Mama karanga anayenunua samaki wadogo ufukweni, akawakaanga na kuwauza jioni ili apate ada ya shule, hana leseni ya uvuvi; hasara yake haiandikwi. Msukaji wa dema, fundi wa mashua, kijana wa kubeba makapu hawaandikwi. Mtoto wa miaka mitano ambaye angerithi mahali pa baba yake pa kuvulia haandikwi. Fidia hulipwa kwa anayeonekana siku ya kuhesabu, ilhali hasara humfuata kila atakayezaliwa pwani ile. Kwa hiyo fidia, hata inapolipwa yote na kwa wakati, haiwezi kuwa hoja ya kuhalalisha madhara; ni kukiri kwamba madhara yamefanyika, na kwamba aliyeyafanya aliyajua.

Hoja ya tano: kwamba njia nyingine hakuna

Wanaosema hakuna njia nyingine humaanisha kuwa hakuna njia nyingine iliyo rahisi kwao. Bandari ya Rotterdam, iliyokuwa ikipokea tope lenye sumu kutoka viwanda vya mto Rhine, ilijenga katika mwaka 1987 shimo kubwa lililozungushiwa boma, liitwalo Slufter, ili tope chafu lihifadhiwe humo lisirudi baharini. Haikukomea hapo: iliuandama uchafu hata chanzo chake, ikafanya mapatano na wenye viwanda vya juu ya mto wapunguze sumu, na kadiri miaka ilivyopita tope lenyewe likawa safi zaidi. Katika Australia, kibali cha kumwaga meta za ujazo milioni tatu za tope karibu na mwamba mkubwa wa matumbawe kilitolewa mwanzoni mwa mwaka 2014. Watu walipiga kelele, na mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku kumwaga ndani ya hifadhi ya mwamba huo tope litokanalo na kuchimba bandari mpya au kuzipanua. Bandari za nchi hizo hazikufungwa.

Wenye rai watasema kuwa hao ni matajiri. Walakini yako mambo mengi yasiyohitaji utajiri. Kuzuia tangi lisifurike karibu na mwamba hakuhitaji chombo kipya. Kunahitaji sharti katika mkataba. Kupanga kazi kwa majira ya pepo na ya kuzaliana samaki kunahitaji kuwauliza manahodha na wavuvi, nao wapo. Kutenga mchanga safi utumike na tope chafu lihifadhiwe kunahitaji vipimo, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iko Mombasa yenyewe, hatua chache kutoka baharini. Na kama twataka kupunguza kuchimba, tuanze pale udongo unapoanzia. Watu wa Machakos wamethibitisha kwa majembe yao wenyewe kwamba milima iliyokuwa ikimomonyoka vibaya katika miaka ya 1930 yaweza kutengenezwa kwa matuta ikalisha watu wengi zaidi kuliko kwanza. Kila gunia la udongo linalobaki shambani ni gunia lisilohitaji kuchimbwa horini, wala kumwagwa juu ya tumbawe.

Sababu ya kweli inayofanya bahari ionekane kuwa njia pekee ni bei. Kumwaga baharini huonekana rahisi kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama haiandikwi katika mkataba: haiandikwi hasara ya samaki, wala ya watalii wasiorudi mahali maji yalipochafuka, wala ya kuta zitakazojengwa kukinga fuo baada ya kufa kwa mwamba uliokuwa ukivunja mawimbi bila malipo. Afagiaye ua wake akamwaga taka mlangoni pa jirani hajapunguza taka, amemhamishia jirani kazi ya kuzoa. Bandari ikiandika faida katika daftari lake, na kijiji cha wavuvi kikabeba hasara isiyo na daftari, hiyo haiwi hesabu ya uchumi. Ni dhulma, hata ikipigwa mihuri mingapi.

Yapasayo kudaiwa

Sidai bandari zisichimbwe. Nadai kwamba mzigo wa kuthibitisha uwekwe juu ya yule anayemwaga, usiwekwe juu ya yule anayemwagiwa. Kwa desturi ya sasa mvuvi ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa tope limemdhuru, baada ya kudhurika, bila maabara, bila wakili, bila takwimu za hali ilivyokuwa kabla. Na aliye na maabara, mawakili na takwimu ndiye anayengoja kushtakiwa. Mpango huu umepinduka, na kuupindua tena uwe sawa hakuhitaji katiba mpya, kwa maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwisha kumpa kila mtu haki ya mazingira safi, na kila raia haki ya kupata habari zilizomo mikononi mwa serikali.

Basi kabla ya kibali kutiwa saini, hali ya maji, ya miamba na ya majani ya bahari ipimwe kwa majira yote mawili, ya kusi na ya kaskazi. Tope lipimwe kwa madini na kwa sumu za rangi za meli, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika kila bandari ya wavuvi iliyo upande wa mkondo. Mahali pa kumwagia pasitajwe kabla ya kuchunguzwa njia za kulitumia tope na kulihifadhi, na sababu za kuzikataa njia hizo ziandikwe, zisomwe na wote. Wavuvi wawe na mtu wao ndani ya meli ya kuchimba, mwenye mamlaka ya kuisimamisha kazi vipimo vikizidi kiwango. Fedha za fidia ziwekwe kando kabla ya bomba la kwanza kuteremshwa, na orodha ya watakaolipwa iwe na mama karanga na msukaji wa dema.

Masharti haya yataongeza gharama ya kuongeza kina, na hilo silifichi. Yamkini bei ya kontena itapanda kidogo, na sote tulao mkate wa ngano ya ng'ambo tutachangia. Ni sawa tuchangie, maana gharama hiyo ipo leo na hulipwa leo. Tofauti ni kwamba hulipwa na watu wachache walio maskini kuliko sisi, ambao hatukuwauliza. Bandari isiyoweza kulipia tope lake yenyewe haijawa na faida iliyotangazwa katika hotuba za ufunguzi, na wajibu wa kuithibitisha faida hiyo ni wa wale waliozitoa hotuba hizo.